Kufuta Jina Juu ya Picha

Padri Leonard Boyle, Mdominika mzaliwa wa Ireland, alishika uongozi wa Maktaba ya Vatican mwaka 1984. Alitamani miswada ya kale iliyofungiwa humo, ambayo waliofanikiwa kuifungua ni wasomi wachache wenye nauli na barua za utambulisho, ionekane na yeyote mwenye kompyuta. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya IBM ilijitolea kumsaidia, na kurasa zilizoandikwa kwa mkono karne nyingi zilizopita zikaanza kugeuzwa kuwa faili. Lakini kabla hazijatoka nje ya kuta zile, kulizuka swali lililowanyima watu wa maktaba usingizi. Picha ikishaingia kwenye intaneti, ni nani atakayemzuia mchapishaji wa kalenda au mabango asiichukue na kuiuza bila kumwuliza mtu?

Jibu lilitoka Yorktown Heights, katika jimbo la New York, kwenye kituo cha utafiti cha IBM. Gordon Braudaway, Karen Magerlein na Fred Mintzer walibuni njia ya kutandaza nembo ya maktaba juu ya ukurasa mzima bila kuficha kilichoandikwa. Walichezea mwanga wa kila nukta kidogo kidogo na kuziacha rangi zenyewe zilivyokuwa. Msomi angeweza kusoma kila herufi, lakini mchapishaji asingekuwa na cha kuuza. Wahandisi wa kundi hilo la IBM waliandika pia masharti ya alama nzuri: ionekane kwenye picha za rangi na zisizo na rangi, ienee mahali pakubwa ili isikatwe pamoja na ukingo, isizibe maelezo ya picha, mashine iweze kuiweka bila usimamizi wa mtu, na kuiondoa kuwe na kazi kubwa kuliko kuinunua picha yenyewe.

Sharti la mwisho ndilo lililobeba mengine yote. Hakuna aliyeahidi kwamba nembo haitafutika. Waliahidi tu kwamba atakayetaka kuifuta atatoka jasho, na wakatumaini kwamba jasho hilo litamkatisha tamaa. Katika miaka 30 iliyofuata jasho hilo lilikauka, hatua kwa hatua, na waliolikausha kwa sehemu kubwa walikuwa watu wenye nia njema.

Nembo ya namna hii huitwa alama ya maji, na alama ya maji yenyewe ilizaliwa Italia, karne nyingi kabla ya kompyuta. Katika mji wa Fabriano, mafundi wa karatasi walisokota waya mwembamba katika umbo la msalaba, ua au herufi na kuushonea kwenye chekecheo walilotumia kuchota rojo la matambara. Pale palipokaa waya, rojo lilitulia jembamba zaidi. Karatasi ikikauka na kuinuliwa kwenye mwanga, umbo linaonekana. Mfano wa zamani zaidi unaojulikana ni wa mwaka 1282. Charles-Moïse Briquet wa Geneva alipochapisha orodha yake kubwa ya alama hizo mwaka 1907, alikuwa amekusanya zaidi ya 16,000. Kichwa cha simba kinachojitokeza ukiinua noti ya Kenya dirishani ni cha ukoo uleule.

Hata sheria iliutazama mji huo mapema. Bartolo wa Sassoferrato, mwanasheria aliyeheshimika kupita wote katika karne ya 14, alizaliwa jirani na Fabriano. Katika risala yake kuhusu nembo alitaja viwanda vya karatasi vya mji huo, kila kimoja na alama yake, na akaona ni haki kumzuia mtu asitumie alama ya mwenzake. Alichohofia ni kuigwa. Suala la kufutwa halikumjia, na hakukuwa na sababu limjie, kwa kuwa alama ile iko ndani ya mwili wa karatasi na huwezi kuitoa bila kuichana.

Juu ya skrini mambo ni mengine kabisa, na inafaa kuyatazama kwa karibu. Kila nukta ya picha ya kijivu ni namba kati ya 0, yaani nyeusi tititi, na 255, nyeupe pepepe. Chukua nukta moja ya shavu la mtu yenye namba 200. Weka juu yake nembo nyeupe yenye uzito wa asilimia 40. Kompyuta inachukua asilimia 40 ya 255, ambayo ni 102, inajumlisha na asilimia 60 ya 200, ambayo ni 120, na nukta inakuwa 222. Nukta ya nywele iliyokuwa na 50 inapanda hadi 132. Sura imefifia, lakini haijapotea. Anayejua umbo la nembo na uzito wake anatoa 102 kwenye 222, anagawanya 120 kwa 0.6, na shavu linarudi kwenye 200 yake. Ugumu wote umo katika kuujua uzito huo, nukta kwa nukta, bila kuwa na picha halisi mkononi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejisumbua na hesabu hiyo, kwa maana kulikuwa na njia ya mkono. Thomas Knoll, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, na mdogo wake John, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya athari maalumu za filamu ya Industrial Light & Magic, walianza mwaka 1987 kutengeneza programu iliyokuja kuitwa Photoshop. Adobe ilianza kuiuza Februari 1990. Toleo lile la kwanza tayari lilikuwa na kifaa chenye picha ya muhuri wa mpira. Ulibofya mahali safi ili kumwonyesha muhuri pa kunakili, kisha ukagonga juu ya doa, na kipande kile safi kikahamia pale. Kwa hiyo Vatican ilipoweka nembo yake, chombo cha kuifutia kilikuwa sokoni kwa miaka kadhaa. Ila kilidai jicho na subira. Anga lisilo na mawingu halikuwa na shida. Uso wa mtu, kitambaa chenye maua au majani ya mti vilimfichua mfutaji upesi, maana ruwaza ilijirudia na mpaka wa kiraka ukaonekana.

Subira hiyo ndiyo iliyoyaweka mjini mashirika ya kuuza picha. Getty Images ilianzishwa mwaka 1995, iStockphoto ikazaliwa Calgary mwaka 2000, na Shutterstock ikafuata mwaka 2003. Yote yalitegemea utaratibu mmoja: mteja aone picha yote, lakini ikiwa na jina la shirika katikati, na akilipa apewe iliyo safi. Mpigapicha wa harusi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetuma sampuli kwa WhatsApp huku jina lake na namba ya simu vikikatiza kifuani mwa bibi harusi anafanya jambo hilohilo, kwa sababu hiyohiyo. Amekwisha kulipa nauli, amesimama tangu asubuhi, na salio lake bado liko mfukoni mwa mteja.

Wengine waliona ni heri kuificha alama kabisa. Kampuni ya Digimarc ya Oregon iliichanganya ndani ya namba za picha kiasi kwamba jicho halikuiona ila programu iliisoma, na mwaka 1996 kifaa chake kikaingizwa ndani ya Photoshop. Haikuchukua muda. Novemba 1997, pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Fabien Petitcolas na Markus Kuhn walitoa programu ndogo waliyoiita StirMark. Haikufuta chochote. Iliivuta picha kidogo, ikaipinda kidogo, ikaizungusha kidogo, kwa vipimo vya kubahatisha ambavyo jicho halivioni. Picha ilibaki ileile kwa mtazamaji, lakini msomaji wa alama alipofika mahali alipoitarajia, hakuikuta. Mpindo huo mdogo utarudi katika historia hii miaka 20 baadaye, safari hiyo ukiwa upande wa mwenye mali.

Hatua iliyofuata haikuwa na wizi ndani yake hata chembe. Marcelo Bertalmío na Guillermo Sapiro, Wauruguai wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Minnesota, walishirikiana na Vicent Caselles na Coloma Ballester wa Barcelona kutafuta namna kompyuta inavyoweza kuziba sehemu zilizoharibika za picha. Walianza kwa kuuliza mafundi wa kuhifadhi michoro katika jumba la sanaa la Minneapolis: wakikuta mchoro umechubuka, wao hufanyaje? Mafundi walieleza kwamba hutazama picha nzima kwanza ili waelewe pale panahitaji nini. Kisha huendeleza mistari ya pembeni iingie ndani ya pengo, hujaza rangi kati ya mistari hiyo, na mwishoni huongeza madoido madogo ya uso wa mchoro. Watafiti waliyageuza maelezo hayo kuwa milinganyo. Programu yao ilifuata mistari ya mwanga ulio sawa kutoka ukingoni mwa pengo na kuisukuma ndani, hatua kwa hatua, mpaka pande zote zikakutana.

Waliwasilisha matokeo mwaka 2000, katika kongamano la michoro ya kompyuta la SIGGRAPH lililofanyika New Orleans. Miongoni mwa mifano yao kulikuwa na picha ya zamani iliyochanikachanika, iliyorudi ikiwa nzima. Mfano mwingine ulikuwa picha ya mji huohuo wa New Orleans, gari la kukokotwa na farasi likipita mtaani, iliyoandikwa maneno juu yake toka juu hadi chini. Kwenye nakala ya pili maneno yote hayapo, na mtaa umetulia kana kwamba hayakuandikwa kamwe. Waliokuwa na picha za babu zao zilizoliwa na mchwa waliona tiba. Hakuna ubaya katika furaha hiyo. Kazi ile imeokoa picha nyingi ambazo zisingeokolewa. Lakini mashine haina namna ya kutofautisha ufa na sahihi. Kwake vyote viwili ni pengo la kuzibwa.

Kuanzia hapo mwendo ukawa wa kasi. Mwaka 2002 Photoshop 7 ilileta brashi ya kuponya, iliyochukua umbile la ngozi kutoka mahali pengine na kulilinganisha lenyewe na mwanga wa pale linapowekwa. Mwaka 2009 Connelly Barnes na wenzake walichapisha PatchMatch, mbinu iliyotafuta vipande vinavyofanana ndani ya picha kwa kubahatisha kwanza na kisha kuulizana na majirani, ikafanya kwa muda mfupi sana kazi iliyokuwa ikichukua dakika nyingi. Mwaka uliofuata Photoshop CS5 ikawa na amri ya kujaza pengo kwa kuzingatia yaliyo jirani. Chora duara kuzunguka kitu, bonyeza, na kitu kimeondoka. Kazi ya mchana mzima ilikuwa imegeuka kazi ya sekunde.

Sheria ilikuwa imeliona hilo mapema, ingawa ilizungumza kwa lugha ya jumla. Mkataba wa hakimiliki wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani wa mwaka 1996 ulizitaka nchi kuweka njia za kisheria dhidi ya anayeondoa kwa makusudi maelezo ya kielektroniki yanayotaja kazi ni ya nani. Marekani ilitunga yake mwaka 1998 na kuweka fidia ya dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila kosa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inakataza kuondoa maelezo hayo bila idhini. Je, chini ya sheria ile ya Marekani, jina lililochapwa kwa wino kando ya picha gazetini nalo linalindwa? Mpigapicha Peter Murphy aliwapiga picha watangazaji wawili wa redio ya New Jersey kwa ajili ya jarida moja mwaka 2006. Mtu redioni akaichanganua picha hiyo kwa skana, akakata ukingo uliokuwa na jina la Murphy, na kuiweka kwenye tovuti ya kituo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa iliamua kwamba ndiyo, jina lile la ukingoni lilikuwa chini ya ulinzi uleule.

Kesi iliyogusa mioyo zaidi ilitoka Haiti. Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipoibomoa Port-au-Prince, Daniel Morel, mpigapicha Mhaiti mwenye uzoefu wa miaka mingi, alikuwa mtaani na kamera yake. Alipiga watu wakitoka chini ya vifusi wakiwa wametapakaa vumbi jeupe, na jioni ileile akazipandisha picha kwenye mtandao kupitia TwitPic, huduma ya kuweka picha kwenye Twitter, kwa jina lake. Mtu mwingine alizinakili akaziweka kwenye ukurasa wake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la AFP lilizichukua kutoka huko na kuzisambaza duniani, Getty nayo ikizigawa, zikiwa na jina la yule asiyezipiga. Morel alipolalamika, AFP ndiyo iliyotangulia kwenda mahakamani New York, ikidai masharti ya Twitter yaliiruhusu. Ilichukua karibu miaka minne. Novemba 2013 jopo la raia waliosikiliza kesi lilikubali kwamba haki zake zilivunjwa kwa makusudi, na akapewa dola milioni 1.2. Jina la Morel halikufutwa kwa brashi. Lilibadilishwa kwenye mstari mmoja wa maandishi chini ya picha, na hilo lilitosha kumpora kazi ya siku aliyokuwa akipiga picha za watu wake wakifa.

Mwaka 2017 hesabu ile ya 102 na 120 hatimaye ilipata wenyewe. Tali Dekel, Michael Rubinstein, Ce Liu na William Freeman, watafiti wa Google, waliona kwamba mashirika ya picha yalikuwa yamefanya kosa kubwa kwa kupenda mpangilio: yaliweka nembo ileile, kwa umbo lilelile, juu ya mamilioni ya picha. Picha moja ya simba, moja ya keki na moja ya jengo hazina kitu kinachofanana isipokuwa nembo. Ukikusanya mamia ya picha hizo na kutafuta mipaka inayojirudia mahali pamoja, yaliyo ya picha yanapotea kwa kutofautiana, na nembo inabaki peke yake. Ukishaipata, uzito wake unakadiriwa, kisha unatoa na kugawanya, na picha halisi inajitokeza bila mtu kugusa brashi. Waliijaribu kwa nembo za mashirika yaliyokuwa sokoni, Adobe Stock na 123RF yakiwemo, na ilifaulu.

Walitangaza pia dawa. Kubadili mahali pa nembo hakukusaidia, wala kubadili uzito wake. Kilichosaidia ni kuipinda nembo kidogo, tofauti kwa kila picha, kwa kiasi kisichofika hata nukta moja au mbili. Ndio mpindo wa StirMark. Ule uliovunja alama za siri pale Cambridge sasa ulizilinda zinazoonekana, na Shutterstock iliufanyia kazi mara moja kwa kutengeneza mfumo wa kubahatisha maumbo ili nembo mbili zisifanane.

Ulinzi huo ulikuwa dhidi ya hesabu. Haukuweza kitu mbele ya mashine inayokisia. Tayari mwaka 2016 Deepak Pathak na wenzake wa Berkeley walikuwa wameufundisha mtandao wa neva kwa kuukatia picha katikati na kuutaka ubuni kilichokuwemo. Mwaka 2021 watafiti wa Samsung na wenzao walitoa LaMa, iliyojaza mapengo makubwa ambayo mbinu za zamani zilishindwa nayo, na muda si mrefu mtu yeyote mwenye simu aliweza kupitisha kidole juu ya jina la mpigapicha likatoweka. Uso unaotokea chini yake si lazima uwe uso wa mtu aliyepigwa picha. Ni uso unaoelekea kufaa pale. Kwa picha ya habari au ya ushahidi hilo ni jambo zito, zito kuliko ada iliyokwepwa, kwani kilichofutwa ni jina na kilichoongezwa ni uongo.

Mfumo wa Stable Diffusion, unaochora picha kwa maelekezo ya maneno, ulipotolewa Agosti 2022, lilitokea jambo ambalo watu wa Yorktown Heights wasingeweza kulitabiri. Mashine iliyosomeshwa kwa mabilioni ya picha za mtandaoni ilianza kuchora nembo yenyewe. Katika mashtaka yake Getty Images iliambatisha picha ya wachezaji wawili wa mpira wakigombea mpira, wachezaji wasiokuwepo duniani, na juu yao maandishi yaliyopindapinda ambayo jicho lolote liliyasoma kama jina la Getty. Mashine ilikuwa imeliona jina hilo mara nyingi mno hata ikadhani ni sehemu ya mchezo wenyewe. Shirika liliwashtaki waliotoa mfumo huo London na pia Delaware mwaka 2023, likidai kwamba picha zaidi ya milioni 12 zilinakiliwa.

Kesi ya London ikiwa bado inasubiri, Machi 2025 watu waligundua kwamba Gemini 2.0 Flash, mfumo wa akili mnemba wa Google, kampuni ileile iliyotoa dawa ya mwaka 2017, uliondoa alama za maji kwa kuombwa tu kwa sentensi, huku mifumo ya baadhi ya washindani ikikataa. Google ilisema matumizi hayo yanakiuka masharti yake. Picha zinazotoka kwenye Gemini hutiwa alama ya siri ya SynthID inayoonyesha kwamba zimepita mikononi mwa akili mnemba, kwa hiyo picha iliyoingia na jina la mpigapicha ilitoka bila jina hilo na ikiwa na alama ya mashine.

Hukumu ya London ilisomwa na Jaji Joanna Smith tarehe 4 Novemba 2025. Getty ilikuwa imeyaacha njiani madai yake makuu ya hakimiliki. Dai la hakimiliki lililobaki lilitupwa, kwa hoja kwamba mfumo uliofundishwa hauhifadhi nakala za picha ndani yake. Iliposhinda ni kwenye alama ya biashara, na kwa kiasi kidogo: baadhi ya picha za matoleo ya mwanzo, zenye nembo za Getty na iStock, zilikuwa ukiukaji. Muuza picha alipata ushindi kwa ajili ya jina lake. Majina ya wapigapicha, yale madogo yanayoandikwa kabla ya jina la shirika, hayakupata chochote katika hukumu hiyo.